Rekodi za tarehe 99 zilivyonisimamisha nikipandisha version ya mainframe Kolwezi

Wakuu, heshima kwenu wote.

Leo nina kisa changu cha kazini. Ni cha kweli, na pale nitakapoonekana mjinga mjue sijapunguza kitu.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Mbeya, naishi Kolwezi, Kongo, mwaka wa tatu sasa. Kazi yangu ni database za mainframe, yale makompyuta makubwa ya zamani. Najua kuna vijana humu watasema mainframe ilishakufa. Haya, ilikufa kwenye simu zenu.

Huku kuna kampuni ya madini, jina naliacha. Wafanyakazi wake wote wamo kwenye hiyo mainframe, na hospitali yao inaangalia humo humo nani atibiwe na nani arudishwe.

Sasa database yenyewe ilikuwa version ya kale. Walioitengeneza walishaacha kuisapoti, ikileta shida huna wa kumpigia. Tena huwezi kuruka hadi version mpya kwa mkupuo. Unapanda kwanza ya katikati, unatulia, ndipo unapanda ya juu. Na kule juu kuna command moja, ukishaipiga hakuna kurudi nyuma.

Mimi na hiyo command tulikuwa na miadi Jumapili saa nane mchana.

Jumamosi nikafanya test. Column ya tarehe ya kuacha kazi ilikuwa maandishi tu, nikaigeuza iwe tarehe halisi. Rekodi mia nne na ushee zikakataliwa. Zote zina tarehe 99/99/99.

Nikacheka peke yangu. Mwezi wa tisini na tisa, wakuu? Nikasema makarani wa zamani walikuwa wanasinzia kazini. Kwenye ripoti nikaandika "takataka, kufutwa kesho", bosi akasaini, nikaenda zangu nyumbani najiona mtaalamu.

Jumapili mchana akaja Mama Albertine. Huyu ndiye anayetupikia ofisini, bukari, yaani ugali wa huku, na samaki wa barafu wanayemwita thomson. Alitoka moja kwa moja kanisani na kitenge chake cha kwaya.

Akasogeza makaratasi yangu apate pa kuweka sahani. Karatasi ya juu ilikuwa orodha ya zile rekodi. Akaishika, akasoma, akavuta kiti.

"Tata Ingénieur," yaani bwana injinia, "aba bantu unabafanya nini?"

Nikamwambia ni makosa ya zamani, nayafuta leo.

"Apana, tata. Si makosa. Ni bantu benye kufa."

Kumbe kabla ya kupika, mama huyu alikuwa karani palepale, miaka mingi, hadi walipopunguza watu. Akanieleza taratibu kama unavyomweleza mgeni. Ile database haikuwa na sehemu ya kuandika kifo. Ukiweka tarehe ya kweli ya kuacha kazi, hospitali inaifungia familia siku hiyo hiyo, wakati kwa mkataba mjane na watoto wana haki ya kuendelea kutibiwa. Makarani wakakubaliana, anayefariki anaandikiwa 99. Mashine inaona hajaacha kazi, basi.

Hakuna aliyeiandika popote. Wote walijua, na wote wameshaondoka.

"Ukibatosha mu machine," akasema, yaani nikiwatoa, "kesho bamama batakuya ku hospitali, batabafungia mulango."

Wakuu, jasho lilinitoka na AC inawaka. Ilibaki saa moja nipige ile command.

Nikampigia bosi, nikakiri ripoti yangu ni upuuzi. Alifoka kwa Kifaransa mpaka akachoka mwenyewe, kisha akanipa hadi saa kumi na mbili.

Nikaongeza column mpya ya hali ya mtu: marehemu, familia inatibiwa. Tarehe nikaiacha wazi, nikapakia upya. Mama Albertine akakaa pembeni yangu tukahakiki jina kwa jina, naye ananisimulia kila mmoja. Huyu alikaa mtaa wa Mutoshi. Huyu aliimba besi. Huyu alikuwa mubishi, lakini mutu muzuri. Tulicheka sana kwa orodha ya marehemu, Mungu atusamehe.

Idadi ilipotimia nikapiga command. Bukari tuliila imepoa na ilikuwa tamu.

Jumatatu asubuhi nikaenda kukaa kwenye dirisha la mapokezi hospitalini, nione kwa macho yangu. Mjane wa kwanza, namba ikafunguka. Wa pili, ikafunguka. Wa tano kwenye foleni alikuwa Mama Albertine, na kadi kuukuu mkononi.

Jina la mumewe likatokea kwenye screen. Jana tulilipita kama mengine. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ile 99 yake niliandika mi mwenyewe," akasema. "Ilikuwa zamu yangu. Nilimaliza kazi, nikaenda kulia ku nyumba."

Akapokea dawa zake za presha, akaniuliza kesho nataka samaki au nyama.

Wakuu, siku hizi sifuti data eti ni chafu kabla sijamtafuta aliyeiandika. Manual ya version mpya nilikuwa nimeisoma yote, mtu sikuuliza hata mmoja.

Mlioko kwenye mifumo mikongwe, ninyi mmekuta nini humo ndani? Na mwenye kunisema kwa ile ripoti anaruhusiwa, niko hapa nasoma.