Siku Niliyozuia Kura kwa Maneno

Ipo siku moja, mwanangu, niliyosimama nikasema tangu adhuhuri mpaka jua likazama, na katika maneno yote yale hapakuwa na hata moja nililolisema kwa kuliamini. Naikumbuka siku hiyo kuliko hata siku niliyooa. Naikumbuka pamoja na jasho lake.

Nilikuwa nimeifunika miaka mingi. Juzi mjukuu wangu Nyamizi akaifunua. Alikuwa hapa kwangu Isevya, ameegemea mlango, anasikiliza habari kwenye simu yake.

"Babu," akaniuliza, "huko Marekani kuna watu wanataka sheria ya kulinda haki ya kupiga kura. Walio wengi katika baraza lao la kutunga sheria wanaitaka. Lakini baraza lina kanuni kwamba wachache wakishikilia mjadala uendelee, kura haipigwi. Sasa wanabishana, kanuni ivunjwe ili sheria ipite, au kanuni iheshimiwe na sheria ife. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho ikapita. Tangu hapo situlii. Nakaa, nasimama. Nimefagia uwanja ambao ulikwisha kufagiwa. Chai inapoa nikiiangalia. Basi nimeona nimjibu yeye, na wewe mwanangu unayesoma haya, kwa pamoja, kwa sababu swali hilo lilinifika nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne kule kijijini kwetu Ipole, na nililijibu vibaya.

Tulikuwa na chama cha wafuga nyuki. Mimi nilikuwa katibu, kwa kuwa nilikuwa nimesoma na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nisijifiche, kwa kuwa nilikuwa na ulimi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mihambo, mtu mfupi, mpole, aliyezoea kufumba macho watu wakisema hata ukadhani amesinzia. Mkutano mkuu ulikuwa mmoja kwa mwaka, baada ya kurina asali, na ulifungwa jua likizama maana wengine walirudi mbali na njia za porini si za kuchezea. Jambo lisilopigiwa kura siku hiyo lilingoja mwaka mzima.

Tulikuwa na kanuni moja tuliyoionea fahari. Babu zetu walikuwa wapagazi wa misafara, waliobeba mizigo kati ya pwani na Ujiji, na kwao ndiko tulikorithi mpiko, ule mti mrefu wanaoubeba watu wawili mabegani, mzigo ukining'inia katikati. Tulisimuliwa kwamba kambini, mpagazi mwenye lake la kusema aliushika mpiko, na akiushika hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza, hata mkuu wa msafara, mpaka auweke chini mwenyewe. Nasi chamani tulikuwa na mpiko wetu. Aliyeushika alisema mpaka aridhike, na kura haikupigwa kabla hajauweka chini.

Kura yenyewe ilikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake walikamua masega, wakachuja asali, wakayeyusha nta, na baadhi yao walikuwa na mizinga yao wenyewe, lakini siku ya mkutano walikaa pembeni wakatusikiliza. Mmoja wao alikuwa dada yangu Kalunde. Sisi tulitoka tumbo moja. Mama yetu alipofariki nilikuwa mdogo, yeye ndiye aliyenilea. Sare yangu ya kwanza ya shule ilitokana na nta yake. Alipofiwa na mume alibaki na mizinga zaidi ya thelathini msituni, na aliijua mmoja mmoja kama mama anavyojua kukohoa kwa watoto wake.

Mwaka huo msitu ulikuwa hatarini. Wakulima wa tumbaku walitaka kuni za mabani, yale majengo ya kukaushia majani, na kwa kuwa chama hakikuwa kimeamua lolote, kila mwenye shoka alikuwa huru kukata. Wanawake wakaleta hoja kwamba kila mwenye mzinga, mume au mke, awe na kura. Walijua wakipata kura watazuia msitu usikatwe. Na wanaume wengi waliwaunga mkono, nami nilikuwa nimewahesabu.

Baba yangu mdogo, Kapela, naye alikuwa amewahesabu. Alikuwa na tumbaku nyingi shambani. Akanijia asubuhi ya mkutano.

"Wanawake wakipata kura leo," akasema, "tumbaku yangu itaozea banini."

"Lakini baba, wengi wameshakubali."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Usibishane na mtu. Shika mpiko, useme. Jua litamaliza kazi."

Nisikudanganye, mwanangu, hakunitisha wala hakuniahidi kitu. Alinisifu tu. Alisema Ipole nzima hakuna kijana awezaye kusema nusu siku bila kukauka. Nami, kwa ujinga wa ujana, nikataka kujua kama ni kweli.

Nikashika mpiko. Nikasalimia ukoo mmoja baada ya mwingine. Nikasimulia safari ya wapagazi kituo kwa kituo. Nikasoma katiba ya chama, kifungu kwa kifungu, kisha nikairudia ile sehemu niliyodai haikusikika vizuri huko nyuma. Nikataja miti yote ambayo nyuki hupenda maua yake. Mwanzoni watu walicheka, na kicheko kilinilevya. Baadaye wakanyamaza. Wakanyamaza kwa namna ambayo ningekuwa na akili ningeiogopa. Wahenga walisema msema pweke hakosi. Siku ile nilisema pweke, na kila nilipotazama nilijiona sijakosa.

Jua lilipoelekea magharibi Kalunde akasimama. "Mwenyekiti, naomba neno moja tu."

Mzee Mihambo akafumbua macho. Akanitazama mimi kwanza, kama mtu anayekupa nafasi. Sikuketi. Akasema polepole, "Kalunde, mwenye mpiko hakatizwi."

Dada yangu akakaa. Nikaendelea na miti.

Mkutano ukafungwa, kura haikupigwa. Kapela akanishika mkono akautikisa sana. Kalunde nilimkuta njiani, amejitwika kapu lake. Nilidhani atanigombeza, nikawa tayari kwa ugomvi. Akasema tu, "Maganga, umesema vizuri. Hukusema kitu, lakini umesema vizuri." Akaniacha nimesimama.

Mashoka yakaanza wiki ile ile. Siku moja Kalunde alikwenda kukagua mizinga yake akaikuta chini pamoja na miti iliyoibeba, masega yamepondwa, asali imeingia mchanga, na nyuki wachache wanazunguka pale pale hewani palipokuwa na mti. Hakulia. Alikusanya mizinga iliyosalia, akamgawia jirani, akahamia mjini, Gongoni, akaanza kukaanga vitumbua. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona. Na tena dole ukijikwaa ni lako mwenyewe, bali ulimi wangu ulimwangusha mwingine.

Nilimpelekea Mzee Mihambo muhtasari wa mkutano autie sahihi. Akaniambia nimsomee. Nikasoma, nikafika mahali nilipoandika: "Katibu alichangia hoja."

"Alichangia nini?" akauliza, macho yamefumbwa.

Nikainamia karatasi.

"Maganga, unajua mpiko ule ulikuwa wa nani?"

"Wa wapagazi, mzee."

"Wa mpagazi wa mwisho. Yule aliyetembea nyuma kabisa, anayekula vumbi la wote. Mkuu wa msafara hakuhitaji mpiko ili asikilizwe, alikuwa na sauti na bakora. Tuliuweka ili mnyonge asinyamazishwe. Wewe umeuchukua ukamnyamazisha nao mnyonge. Tena dada yako. Sasa nenda, huo muhtasari sitautia sahihi. Andika ulichosema."

Mwanangu, nilikaa na karatasi ile siku tatu. Jaribu siku moja kuandika ulichosema ili usikie ulichonyamazisha. Sikuweza kupata hata mistari miwili.

Mwaka uliofuata hoja ya wanawake niliiandika mimi. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Wengi waliniangalia kama fisi aliyekuja kuomba kazi ya kuchunga mbuzi, na sikuwalaumu. Siku ya mkutano ikafika, na kabla sijamaliza kuisoma hoja, baba mdogo Kapela alikuwa ameshaushika mpiko. Akaanza kusalimia koo.

Nikasimama. "Mwenyekiti, naomba kura ipigwe."

Kapela akanigeukia. "Mwaka jana kanuni ilikuwa halali kwako. Leo imekuwa haramu? Mkuki kwa nguruwe mtamu, sivyo?"

Watu wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Kisha mtu mmoja mwenye busara, ambaye hakuwa na tumbaku wala hila, akasema jambo lililonichoma zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli. "Leo mnamkata Kapela. Kesho mtamkata nani? Mpiko huu umetulinda sisi wa vijiji vya mbali. Msiuvunje kwa sababu ya siku moja."

Nilisema tu nilichokiona. "Wanaongoja haki hii ndio wasioweza kujipigia kura waipate. Wale pale pembeni. Mikono yetu isipoinuka, hawana mikono mingine. Na mimi nilikwisha kuwachelewesha mwaka mmoja. Mwulizeni Kalunde mwaka mmoja ni nini."

Mzee Mihambo akafumbua macho. Sauti yake haikupanda.

"Kapela, sikukatizi. Endelea kusema mpaka uridhike. Lakini mpiko unalinda ulimi, haufungi mikono. Tutahesabu mikono huku unasema. Kama nimekosea, mwakani mnitoe kwenye kiti hiki."

Ikawa hivyo. Kapela alisema, nasi tukahesabu. Sauti yake ilikuwa peke yake katikati ya mikono iliyoinuliwa, na nikamhurumia, maana niliijua sauti ile. Hoja ikapita. Akauweka mpiko chini, akatoka, na wengine wakamfuata. Hawakurudi chamani. Nilimwamkia shikamoo kwa miaka mingi bila kupata marahaba, na nilipoipata alikuwa kitandani, mgonjwa, na wote wawili tulijua imechelewa.

Wanawake wakapiga kura mwaka uliofuata, na msitu uliobaki ukapona. Nilikwenda Gongoni kumweleza Kalunde. Alikuwa anageuza vitumbua, hakuacha kugeuza.

"Nimesikia," akasema. "Ni vizuri. Walio huko watafaidi."

"Rudi, dada. Sasa una kura."

"Ya mwenye mzinga. Mzinga wangu uko wapi, Maganga?"

Akanipa vitumbua viwili, kwa kuwa bado alikuwa yule aliyenilea. Nilivila nimesimama.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini ningekuwa nakuficha nusu. Miaka mingi baadaye, Mzee Mihambo amekwisha kufariki, mwenyekiti mwingine aliona njia ile ya kuhesabu mikono mtu akisema inamfaa. Watu wa kijiji cha mbali wakasimama kulalamika, wanyonge kweli, naye akawaambia, "Semeni tu, sisi tunahesabu." Hawakusikilizwa hata neno. Nikapinga. Akanijibu, "Si ninyi mliotufundisha?" Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Yule mtu mwenye busara alikuwa ameliona hilo, na sisi tulilisikia tukalipita.

Ndiyo maana moyo wangu haukai, Nyamizi, na ndiyo maana sikukujibu upesi. Atakayekuambia jambo hili ni jepesi, upande wowote alioko, hajawahi kushika mpiko.

Lakini umeniuliza ningefanyaje, na mzee asiyejibu ni gogo tu. Ningehesabu mikono. Kanuni ya mjadala ni nzuri, na mwenye neno apewe muda wa kulisema lote, tena asikilizwe kwa macho yaliyofumbwa kama Mzee Mihambo. Ila kusema kuna mwisho. Na likija jambo la nani ahesabiwe kuwa mtu kwenye mkutano, hapo usikubali maneno yageuzwe ukuta, kwa sababu aliye nje ya ukuta hana mlango mwingine. Ukilazimika kuigusa kanuni ya wazee, iguse mchana, mbele ya watu, ukiwa umekaa kwenye kiti unachoweza kunyang'anywa. Sema wazi kwa nini. Kisha ukae ulinde, maana ufa ulioufungua kwa haki, mwingine atapitia humo kwa hila, na kuuchunga ni kazi yako mpaka uzeeni. Na kabla ya yote hayo, mwanangu, siku utakapojikuta unasema vizuri sana na watu wamenyamaza, nyamaza nawe uwatazame usoni. Angalia nani amesimama kuomba neno moja. Mwachie.

Usingoje mwaka, nakusihi. Mwaka ni mrefu kwa anayengoja.

Mungu akupe ulimi wenye breki na masikio yasiyochoka. Akujalie kuwaheshimu waliokutangulia bila kuwaogopa, na uwe mlango kwa walio nje. Akikupa sauti, isiwe kubwa kuliko haki ya mwenzako. Nenda kwa amani, mwanangu, na popote watu watakapohesabiwa, asisahauliwe hata mmoja kwa sababu yako.