Upande wa mama kwenye mdomo wa shimo

Nilikuwa nimerudi kutoka Sandoa na lori la mihogo, sina kazi, wakati fundi simu mmoja wa Musonoi, mtaa wetu wa wachimbaji, aliponiomba nimtafsirie mchezo wake wa simu. Aliutengeneza mwenyewe kwenye kompyuta: mchimbaji anashuka shimoni, anapanda na mfuko wa madini. Maneno yalikuwa ya Kifaransa. Alitaka Kiswahili chetu, na mimi niliwahi kushuka.

Shimo lile alilichora kwa ajili ya dada yake mkubwa. Mume wa dada alifukiwa katika shimo la kweli kama hilo na hakutolewa. Tangu hapo dada alitaka kupaona mahali penyewe, ila wachimbaji hawamruhusu mwanamke kugusa kamba. Wanasema madini yanakimbia.

Shule niliiacha mapema, lakini kazi ile ilinishika. Kila sentensi ya kumwita mchezaji ilikuwa na pande mbili ndani ya mabano: akichagua kuwa mwanamume, simu inaonyesha upande wa tata, yaani baba, akichagua mwanamke, upande wa mama. Nilifuta bano moja ili nione kitakachotokea, skrini nzima ikajaa alama. Nikalirudisha. Nilifanya hivyo mara tatu.

Siku ya kujaribu, dada alikuja moja kwa moja kutoka kuosha mawe mtoni, akafuta mikono kwenye kitenge, akachagua mwanamke. Kwenye soko la mwanzo wa mchezo, maneno yalimsalimia vizuri. Kwenye mdomo wa shimo, kisanduku cha maneno kilifunguka kitupu. Akabonyeza. Kitupu. Na mchezaji hushuka kwa kugusa maneno yale.

Mdogo wake, yule fundi, alidai anabonyeza vibaya. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Upande wa tata niliandika, "Shuka, tata, kamba iko tayari." Upande wa mama niliuruka bila hata kufikiri, ingawa habari za mumewe nilizijua.

Nikamwambia ukweli, kwamba wanawake hawashuki. "Mama, bamama habashukake mu shimo. Njo maana sikuandika."

Alinitazama kidogo tu. "Hata shimo ya mu telefone mutanikatalia?"

Fundi akacheka, kisha akaacha. Nikaomba kompyuta, nikaandika maneno yale yale, nikabadilisha tata kuwa mama tu.

Dada akagusa. Akashuka polepole mpaka chini kabisa, akasimama pale bila kuchimba chochote. Muda wa mchezo ukaisha, ukamrudisha juu na mfuko mtupu.

Akashuka tena.