Mkasi Wangu na Suruali za Wacheza Soul

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya ushonaji ya Jeppestown, si mbali na Soweto, sikushika cherehani. Fundi Mkuu, Mkongo wa Lubumbashi aliyevaa tai hata wakati wa joto, alinipa wembe na rundo la suruali kuukuu. "Fumua kwanza," alisema. "Mutu hajue kufumua, hawezi kushona." Nilikuwa nimetoka Tanga nikijiona fundi kamili, nikanuna. Lakini nilifumua kwa miezi, nikapandishwa kwenye vifungo, kisha pasi, ndipo cherehani. Ninyi vijana mnaojifunzia ushonaji kwenye simu mtacheka, ila mpaka leo nikiona mshono najua aliyeushona alikuwa na haraka au la.

Cheo cha juu kilikuwa ukataji. Mkataji ndiye anayempima mteja, anachora kwa chaki na kukata kitambaa. Wengine wote wanashona alichoamua yeye. Fundi Mkuu aliponikabidhi mkasi nilikuwa mwanamke wa kwanza kuushika pale, na mafundi wawili wanaume waliacha kunisalimia. Nilifurahi sana, sifichi.

Oda yangu kubwa ya kwanza ilitoka kwa klabu ya wacheza soul. Mwenyekiti wao, mzee wa Kiingereza, alitueleza kwamba ujanani mwake, kaskazini mwa Uingereza, vijana wa viwandani walipenda santuri za soul za Wamarekani weusi, hasa zile ambazo kwao hazikuvuma. Ma-DJ walibandika karatasi juu ya jina la wimbo ili wenzao wasijue ni upi. Wachezaji walivaa suruali pana na viatu vya soli ya ngozi, wakamwaga poda sakafuni ili miguu iteleze. Sasa klabu yake ilicheza kila Jumapili mchana katika ukumbi wa mtaani kwetu, na mchezaji wao bora, Themba, dereva wa basi kutoka Soweto, alitaka suruali ya namna hiyo.

Bugaluu! nikasema moyoni. Nani wa kunifundisha mimi bugaluu? Kaka zangu Tanga walizivaa: zimebana mapajani, zimefunguka kuanzia magotini, ndefu hadi kufunika raizoni, vile viatu vya visigino virefu. Mwenyekiti alitaka kunionyesha picha, nikamwambia asijisumbue. Kuuliza si ujinga, lakini siku hiyo nilijiona nimeshapita huko. Nilimpima Themba akiwa amesimama wima mbele ya kioo, nikakata kitambaa kizito cha gabadini ya kahawia. Ilimkaa vizuri ajabu.

Jumapili Fundi Mkuu alinichukua tukaitazame kazi yetu. Nilijitanda mtandio wangu, nikakaa karibu na mlango, maana sikuzoea kumbi za dansi. Wimbo ulipoanza Themba aliingia katikati, akazunguka mara moja, mara mbili. Mara ya tatu kisigino kilikanyaga pindo. Alianguka chali, na mshono wa mapajani ukafumuka mbele ya watu wote.

"Eish, Mama," alisema akijipangusa poda, "hii ni suruali ya kusimama tu."

Fundi Mkuu hakupiga kelele. Jumatatu alininyooshea mkono. "Mama Zuhura, leta mukasi. Ulipima mutu ao ulipima mulango? Rudia vifungo."

Niliutoa. Nilirudi Hillbrow kwa miguu, nikalia chumbani kwangu. Majuto ni mjukuu. Miaka yote ile ya kufumua ilikuwa inaishia kwenye vifungo tena. Asubuhi nilimwendea Fundi Mkuu. Nilimwomba kipande kimoja cha kitambaa rahisi na saa moja na Themba.

"Akianguka tena?" aliuliza.

"Akianguka tena, Patron," nilisema, maana ndivyo tulivyomwita bosi wetu, "mkasi sitauulizia maisha."

Themba alikuja mchana baada ya zamu. Nilimvisha suruali ya majaribio niliyoikata kwa wembe kutoka kitambaa kile rahisi, nikamwaga poda ya watoto sakafuni, nikamwambia acheze. Alizunguka, akajirusha chini, akainuka, akapiga teke, na mimi nimepiga magoti nikimfuata na chaki, naweka alama kila mahali kitambaa kilipombana na kila mahali pindo lilipoburuta. Niligundua kwamba upana unatakiwa uanze nyongani, kiuno kiwe juu na kibane, na pindo lisifike sakafuni hata akichuchumaa. Ile picha ya Mwenyekiti ilionyesha yote hayo, kama ningekubali kuitazama. Fundi Mkuu alizikagua alama zangu kwa muda mrefu, kisha akaniazima mkasi nikate suruali mpya ya Themba, hiyo moja tu.

Jumapili iliyofuata nilikaa tena karibu na mlango. Themba alicheza wimbo mzima, akaanguka kwa kupenda na kuinuka kwa kupenda, na ukumbi wote ulikuwa unaitazama miguu yake. Hakuna hata mmoja aliyeitazama suruali. Nilijua nimeipatia.

"Kesho kuna oda ya makoti," Fundi Mkuu aliniambia tukitoka. "Kata weye."

Tangu hapo dereva nilimpima ameketi, mchungaji nilimwambia ainue mikono kama yuko madhabahuni. Walinicheka, wakarudi na ndugu zao. Fundi Mkuu alipozeeka akarejea kwao, meza ya kukatia ilibaki kwangu. Mwaka huu nimestaafu kwa sababu ya macho. Wanaosema nilikuwa mkali wanasema kweli. Lakini mkasi niliuweka chini kwa mkono wangu mwenyewe, siku niliyoichagua mimi.