Kushoto kwa Sifuri

Niliwahi kuamini, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba pale Runazi, wilayani Biharamulo, kulikuwa na kompyuta inayojua radi itapiga wapi kabla radi yenyewe haijaamua. Sikuambiwa na mlevi. Niliambiwa na fundi mwashi aliyejenga msingi wa nguzo yake, naye aliambiwa na mwenye mashine ya kusaga. Wote wawili walikuwa watu wa kuaminika: mmoja hajawahi kupindisha ukuta, mwingine hajawahi kuiba unga wa mtu, au aliiba kidogo tu. Tena mimi nilikuwa na ushahidi kuwazidi, kwa sababu kompyuta hiyo niliilinda mimi.

Mimi ni Mhangaza wa Mbuba. Nilihamia Biharamulo kufuata kibarua cha matofali, na kidato cha nne nilikimalizia huko kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na mguu wenye ganzi kwa kukaa kwenye madawati ya watoto. Nilisoma kwa kandili mpaka nyusi zikaungua mara mbili. Fizikia nilipata D, na D ya shule ya jioni, kwa wanaojua, ni nzito kuliko A ya mchana, maana imetafutwa gizani. Kwa hiyo watafiti wa radi walipofika wakiuliza nani pale kijijini anasoma Kiingereza kidogo na haogopi umeme, vidole vyote vilinielekea. Kuhusu umeme walinisingizia.

Injinia wao alikuwa dada mmoja mwembamba, mdogo kwangu kwa umri, anayetafuna karanga kutwa nzima. Tulipewa chumba cha nyuma cha ghala la zamani la pamba. Nilibeba betri za sola, kila moja ina uzito wa ndama, nikazipanga ukutani, kisha yeye akapiga magoti mbele ya kompyuta iliyofunguliwa tumbo na kutoa kwenye mfuko wa fedhafedha kibao cha kijani, ukubwa wa kiganja, chenye meno ya dhahabu upande mmoja. Hiyo ndiyo kadi ya kukusanya data. Kabla hajaigusa alishika kwanza chuma cha kasha la kompyuta, akaniamuru na mimi nishike.

"Mwili wako una umeme, kaka," akasema. "Unaweza kuiua hii kadi bila kuona hata cheche."

Wiki nzima nilitangaza kijijini kwamba mwili wangu una umeme.

Akaisukuma kadi kwenye nafasi yake mpaka ikalia tiki, akakaza skrubu, akaunganisha waya uliotoka nje, kwenye sahani ya bati iliyokaa juu ya nguzo ikitazama mawingu. Baadaye akanieleza kazi yake. Kadi inasikiliza umeme wa angani, lakini haiwezi kutunza kila kitu, itajaa. Lazima uiwekee kizingiti. Umeme ukiruka kizingiti, kadi inatunza, usiporuka, haitunzi. Huko kuruka ndiko kulikoitwa triga.

Mwanzoni tulikiweka kizingiti chini mno. Kila bodaboda iliyopita barabarani ilihesabiwa kuwa radi, na asubuhi tukakuta mafaili mengi kuliko mchanga wa Ziwa Burigi. Akakipandisha. Akatoka nje na kiwashio cha jiko la gesi, akakibonyeza karibu na sahani, tak! Ndani mimi nikaona kioo cha kompyuta kikiruka na mstari ukisimama wima kama mtu aliyeshtuliwa. Chini ya mstari kulikuwa na namba. Sifuri ilikuwa pale mstari uliposimama. Kulia kwa sifuri, namba za kawaida. Kushoto, namba hasi.

Muda hasi! Hesabu hasi nilizijua, lakini kwa madeni na kwa baridi. Sikujua kama hata saa inaweza kuwa hasi.

"Huku kushoto ni kwa kazi gani?" nikamuuliza.

"Kutatuonyesha kilichotokea kabla ya triga," akajibu, mdomo umejaa karanga, na gari lilikuwa linamngoja. Akaondoka. Nikabaki na ufunguo wa ghala na neno hilo: kabla.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja Msukuma, mjane, aliyehamia na marehemu mumewe kutoka upande wa Shinyanga wakifuata malisho. Alikuwa na ng'ombe wachache, na sauti ya kuwaita iliyofika Rwanda bila kupita forodha ya Rusumo. Kila jioni aliniwekea maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati, akakifunika kwa sahani. Nikimwamkia, "Shikamoo, bibi," alijibu, "Marahaba, mwanangu. Radi zako hazijambo?" Nami nilimjibu kwamba hazijambo, zinakusalimu.

Mwishoni mwa kiangazi ng'ombe wake waliingia kwenye muhogo wa jirani. Jirani huyo alikuwa mzee mwenyeji wa pale, mgambo wa zamani, mtu wa kusimama wima hata anapokunywa uji. Alikuja juu, na watu wakajaa uani. Bibi hakubisha.

"Kosa ni la ng'ombe wangu," alisema mbele ya wote. "Nivumilie. Mvua ikija nitakuletea mwenyewe, mpaka mlangoni."

Alimaanisha debe la mahindi, fidia ya muhogo ule. Kila aliyekuwepo alijua ni mahindi, na jirani mwenyewe alijibu, "Basi lijae," watu wakacheka wakatawanyika.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana kwa vurugu. Radi ilipiga kwa jirani, kwenye mlango wa banda la mbuzi, ikaua mbuzi na kijana wake wa pili aliyekuwa anawafungia, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameoa. Nilikuwa mmoja wa waliombeba. Hapa sitatia chumvi. Alikuwa mwepesi, na kiatu chake kimoja kilikuwa kimepasuka toka kisigino mpaka kidole. Baba yake alikiokota kile kiatu, akakishika siku nzima, watu wanampa pole naye amekishika.

Kabla matanga hayajaisha, mahindi yalikuwa yametoka kwenye ile habari. Yalibaki maneno tu: mvua ikija nitakuletea mwenyewe, mpaka mlangoni. Mtu anayataja kisimani, mwingine anayataja kwenye kahawa, na kila anayeyataja anashusha sauti. Kule kwetu wako wanaosema radi ni jogoo, na jogoo huyo ana mwenyewe, na mwenyewe humtuma. Kwenye kisima wanawake wakaanza kumwachia bibi nafasi pana kuliko anayohitaji.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mtu mwoga lakini si mbaya. Aliona jambo linakokwenda, akatafuta mahali pa kulipeleka.

"Jamani, si kuna ile mashine?" alisema. "Inaona kabla. Twendeni tukaiulize."

Nilifurahi, tena sana. Mimi niliamini mashine inaona kabla, na niliamini bibi hakutuma kitu, sasa hayo mawili yakikutana si yatamsafisha? Nilijaribu kumpigia injinia anipe maelekezo, lakini alikuwa amekwenda masomoni ng'ambo na namba haikupatikana. Nikamwambia bibi, kesho unatoka pale mweupe kama maziwa yako.

"Twende tu," akasema. "Mashine haina shamba hapa."

Waliingia ghalani wakivua viatu mlangoni, kama wanaokwenda kuona maiti: jirani, mwenyekiti, wazee wengine wachache. Bibi nikampa kiti changu. Nikafungua faili la siku ile. Mstari ulikuwa umepanda mpaka ukagonga juu ya kioo na kubaki umegandia huko.

"Hapa ni sifuri," nikasema kwa sauti ya mwalimu mkuu. "Radi ilipiga hapa."

"Na huku kushoto?" jirani akauliza.

"Huku ni kabla."

"Kabla ya kupiga?"

"Kabla ya kupiga, mzee wangu. Na mnaona wenyewe. Kumetulia, hakuna kitu."

"Sogeza karibu."

Nikakuza picha. Ule mstari uliotulia ukawa haujatulia. Ulikuwa na vijino, vidogo, kimoja baada ya kingine, na kadiri vilivyoikaribia sifuri ndivyo vilivyosongamana.

"Hivyo je?"

"Hivyo..." Nikaipekua D yangu yote ya fizikia.

"Hatua hizo," akasema jirani. Hakupaza sauti. "Mtu anatembea. Tazameni, anakuja kwangu."

"Si mtu, mzee. Ni mstari tu."

"Pale juu pameandikwa nini, Fomu Foo wa kandili?"

Nikasoma. "Triga."

"Ya bunduki?"

"Kama ya bunduki, ila..."

"Mimi nimekuwa mgambo wewe hujaota meno. Tiliga haijivuti. Nani alivuta?"

"Radi yenyewe ndiyo inavuta."

"Radi ina kidole?"

Mmoja akacheka peke yake. Mwenyekiti akafuta jasho.

"Tuelewane, kijana," akaniambia. "Mashine hii inaona kabla, au haioni?"

"Inaona," nikasema. Ndivyo nilivyoamini.

"Na kabla kulikuwa na kitu?"

Vijino vilikuwa pale kwenye kioo. "Kulikuwa na kitu," nikasema.

Bibi alikuwa amekaa muda wote mikono magotini. Akakisogelea kioo, akakitazama kwa makini kama anayetafuta kupe kwenye sikio la ndama.

"Mwanangu, wewe unaona mtu hapo?"

"Simwoni, bibi."

"Waambie."

Nikawaambia. Nilisema kwa sauti, nikarudia, lakini walikuwa wameshaanza kuvaa viatu. Bibi akasubiri wamalize wote, ndipo naye akavaa ndala zake. Jioni hiyo kikombe cha maziwa kilikuwa mahali pake, kimefunikwa.

Siku zilizofuata sizipendi. Asubuhi moja tulikuta zizi limeungua na ng'ombe wawili wamekatwa miguu ya nyuma, wako hai, wanajaribu kusimama. Hakuna aliyeona mtu. Kijiji kizima, ambacho kiliona mtu kwenye mstari wa kompyuta, hakikuona mtu mwenye panga. Mwenyekiti akasema ni heri bibi apumzike kwa nduguze kwanza. Mtoto wa kiume wa bibi akaja na fuso ya kukodi, hakuniamkia, na mimi sikumlaumu.

Wakati wanapakia vitu, bibi aliingia kwenye akiba yake ya chakula, akapima mahindi debe moja, akalishindilia kwa kiganja mpaka likafanya kilima, akayamimina kwenye gunia. Nikataka kumbebea, akanikatalia. "Nilisema nitaleta mwenyewe." Akajitwika mpaka mlangoni kwa jirani, akaliweka pale chini, akapiga hodi. Mlango haukufunguliwa. Nilimsikia akisema kwa ule ubao, "Nimekuletea, baba. Limejaa." Akarudi, akapanda fuso.

Hakuna aliyethubutu kuligusa gunia lile. Mvua ziliendelea kunyesha na mahindi yakaota humo humo ndani, machipukizi meupe yakatokeza kwenye matundu ya katani, kisha yakawa ya kijani, kisha yakaoza. Jirani aliliruka kila alipotoka na kila alipoingia.

Habari za bibi zilitufikia masika hayajaanza. Alifia kwa mwanawe. Hakuugua, walisema, aliacha tu kula.

Injinia alirudi kiangazi kilichofuata kwa sababu kadi ilikuwa imekufa. Alikuwa amenenepa kidogo, karanga zilikuwa zile zile. Tulifungua tumbo la kompyuta. Nilishika chuma bila kuamriwa. Akachomoa kadi ya zamani, akachomeka mpya, tiki, akakaza skrubu, akaanza kuandika kizingiti. Nikamuuliza lile nililokuwa nimekaa nalo.

"Dada, hii mashine inajuaje kabla?"

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya radi kupiga."

"Haijui," akasema.

"Lakini kushoto kwa sifuri..."

"Kaka, hii kadi inarekodi muda wote, usiku na mchana, na inafuta muda wote. Kikiingia kipya, cha zamani kinafutika. Radi ikiruka kizingiti, kadi inaacha kufuta. Hicho cha kushoto ni kile ambacho ilikuwa bado haijakifuta. Hakuna zaidi."

Nikamfungulia faili la siku ile. Nikakuza picha, nikamwonyesha kwa kidole.

"Na hivi vijino?"

"Hiyo ni radi hiyo hiyo, inashuka. Haiji yote kwa mara moja. Inashuka kwa hatua."

"Hatua za nani?"

Akaacha kutafuna, akanigeukia.

"Za nani tena? Za radi. Hapo hakuna mtu."