Mdomo wa Kuazima Mahakamani

Kwa miaka mingi nilikuwa wakili katika mji mdogo wa jimbo la Maniema, Kongo, wenye mahakama moja na soko moja. Asubuhi nilivaa joho jeusi. Jioni nilikaa na wazee msikitini, tukipatanisha ndugu waliogombania viwanja. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, Mwenyezi Mungu amenibakishia kazi ya jioni, nami namshukuru. Ile ya asubuhi nimenyimwa na watu. Shahada yangu haikukubaliwa. Mahakamani naruhusiwa kutafsiri tu, na jambo hilo linanichoma hadi leo.

Siku moja niliitwa Lilongwe kumtafsiria mama mmoja fundi wa nguo, mzaliwa wa Bukavu. Alikamatwa katika mtaa wa Mtandire kwa sababu ruhusa yake ya kutoka kambini kwa matibabu ilikuwa imekwisha. Cherehani yake ilichukuliwa. Akipatikana na hatia angeweza kufungwa, na mguu wake ulikuwa na kidonda kibichi.

Aliponiona uso ulimchangamka, akaniita kwa jina langu la kambini, Avoka, yaani wakili.

"Papa Avoka! Mungu njo amekutuma!"

"Mama, leo mi ni mdomo wako tu. Siruhusiwi kukutetea."

"Mdomo niko nayo," akasema. "Nilitaka kichwa yako."

Niliweka mkono juu ya Msahafu, nikaapa kutafsiri yote yatakayosemwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Mwendesha mashtaka, kijana mwenye suti nzuri, akauliza kama mama alijua ruhusa imekwisha.

"Nilijua, baba. Lakini..."

Nilikuwa sijamaliza kutafsiri neno la kwanza. "Inatosha, amekiri," akasema kijana, akaketi. Hakimu akashika kalamu.

Damu ilinipanda kichwani. Kwetu ningekuwa nimesimama zamani. Hapa nilijua kila neno la kusema, na kila neno nilikuwa nimekatazwa. Mama akanigeukia.

"We Papa Avoka, umekuwa kasuku?"

Nikaomba msamaha wa Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya hasira yangu. Ndipo nikakikumbuka kiapo.

"Mheshimiwa," nikasema, "simtetei mtu. Nimeapa kutafsiri yote, na mshtakiwa amesema 'lakini'. Msipomwacha amalize, mimi nitakuwa nimevunja kiapo."

Kijana akanuna. Hakimu alinitazama, akaweka kalamu chini.

"Amalize."

"Dokta alisema nirudi kila siku banisafishe kidonda," mama akasema. "Niliomba ruhusa ingine, bakaniambia ngoja. Kidonda haijue kungoja."

Nikatafsiri neno kwa neno. Hakimu akauliza kuhusu mguu. Mama akainua kitenge, bendeji ikaonekana imelowa. Akaachiwa, kwa sharti arudi kambini.

Nje alinishika mikono yote miwili, halafu akaiachia ghafla.

"Na mashini yangu? Mbona hukuiombea?"

"Hukuitaja, mama."

Akajifunga kitenge upya, akaanza kuchechemea kuelekea kituo cha basi. Nami nilijichukia kwa kuwa na jibu sahihi namna hiyo. Wakili angeiombea.

Alasiri hiyo niliswali karibu na kituo cha basi. Nilishukuru kwa dhati kwamba mama hatalala gerezani. Nikasujudu, na hasira yangu ikasujudu pamoja nami. Nilipoinuka, ilikuwa bado ipo.