Hodi ya Msoma Mita

Watu wa mtaa wetu waliacha kupiga hodi. Mwanzoni sikutambua, maana kitu kikikosekana hakipigi kelele. Halafu nikaona mtu akitaka kuja kwako anapiga simu akiwa bado kwake, anapiga tena akifika kwenye kona, kisha anasimama mbali na mlango na kukohoa mpaka umchungulie dirishani. Hata jirani anayeomba chumvi. Ghasia zilikuwa zimeisha miezi minane iliyopita, redio ilisema hali ni shwari, na sisi tulikuwa tunakoholeana kama wodi ya kifua kikuu.

Mimi ni msusi. Nasukia barazani kwangu, na mwaka huu vichwa vimenisimulia mengi kuliko midomo. Nimeona mabaka ya upara kwa wasichana wa miaka ishirini na tano. Hakuna anayekubali kukaa akiipa barabara mgongo. Nimelazimika kugeuza kigoda, na sasa jua linanichoma mimi usoni. Nywele ndefu hazitakiwi tena. Mteja mmoja aliniambia, "Nisuke mtindo ambao mtu hawezi kunikamata nao." Nilicheka, kisha nikamsuka hivyohivyo alivyotaka.

Siku tairi la lori lilipopasuka, mwenye duka wetu aliingia chini ya meza mzima mzima, akatoka na pakiti ya sukari akidai alikuwa anaitafuta. Tulimcheka hadi mbavu zikauma. Ila sisi wenyewe tulikuwa tunamcheka tukiwa tumelala kwenye vumbi.

Mtaani mume wangu wanamwita Bwana Mita, kwa sababu miaka kumi na tisa sasa anasoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Mita ziko ndani ya nyua, kwa hiyo bila hodi hakuna kazi. Na sauti alikuwa nayo, nene, ya kujaza uwanja. Akisema "Hodi wenyewe!" hata mbwa waliacha kubweka. Wanawake walimfungulia bila kuuliza ni nani, aliyekuwa bafuni alipaza sauti tu, "Pita, Bwana Mita!" Mimi nilikuwa na wivu kidogo, siwezi kukataa.

Baada ya ghasia sauti ile ilipotea. Akawa ananong'ona. Alisema ni koo. Nikamchemshia tangawizi, nikampa asali, nikampeleka kwa daktari, na daktari akammulika akasema koo ni zima kabisa. Nikamtania, "Jogoo gani wewe, unawika kwa siri?" Hakucheka. Kila asubuhi alivaa kofia yake ya kazi na kuchukua daftari. Kisha mteja mmoja akaniambia amemwona nyuma ya stoo ya magunia sokoni, ameketi chini, anaandika tarakimu za mita kutoka kichwani. Sikumuuliza. Kila nyumba ilikuwa na kichaa chake mwaka ule, nikaona bora chetu ni cha kimyakimya.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, nikapigiwa simu na Fundi Redio. Huyu ni mtoto wa Bibi Mkunga, mkunga mstaafu ambaye alipokea nusu ya watu wa mtaa huu, mume wangu na wanangu wawili wakiwemo. Wakati wa ghasia kundi la watu liliingia kwa Bibi mchana kweupe likamtoa mwanawe na kumvunja mkono wa kulia, mkono wa kazi. Alipopona akahamia mji mwingine. Bibi alikataa kumfuata. Alijifungia ndani, akawa hafungulii mtu. Chakula tulimwekea kizingitini, tukishaondoka ndipo anachukua.

"Shemeji," Fundi Redio akasema, "mama hapokei simu tangu juzi. Na dawa zake za presha zilikuwa zinaisha. Nendeni mkamtazame, nawaomba."

Nilimwacha mteja na kichwa nusu, nikakimbia. Sahani ya jana ilikuwa bado kizingitini, imejaa sisimizi. Nikaita, "Bibi! Ni mimi, Bibi!" Seremala anayekaa jirani akaja na mtaimbo begani.

"Tuuvunje," akasema.

Kabla sijajibu, kitu kizito kiliburuzwa ndani. Alikuwa hai. Alikuwa anasukuma kabati mlangoni, taratibu, anapumzika, anasukuma tena. Mwanamke wa miaka sabini na saba, hana dawa, hajala siku mbili, na nguvu zake za mwisho anazitumia kutuzuia sisi.

"Ukivunja mlango huu atakufa kwa hofu kabla hujauangusha," nikamwambia Seremala. "Nisubiri."

Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya stoo ya magunia. Mume wangu alishtuka kuniona, akataka kuficha daftari kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nikamwambia hayo ya daftari tutayaongea siku nyingine. "Bibi Mkunga anatufia mlangoni. Njoo umwite. Sauti yako anaijua tangu kilio chako cha kwanza."

Akaanza kutetemeka. Hata mashavu. Nilidhani ni homa.

"Siwezi," akanong'ona. "Mimi ndiye niliyefanya afungue."

"Afungue nini?"

"Siku ile. Walinikuta njiani na kofia yangu. Wakasema, wewe nyumba zote wanakufungulia. Wakanisimamisha mlangoni kwa Bibi, panga mgongoni, wakasema piga hodi kama siku zote. Nikapiga. Bibi akauliza, uko na nani, mwanangu? Nikasema niko peke yangu." Akafunga daftari. "Nilisema vizuri kabisa. Hata sikutetemeka."

Nitasema ukweli, nilimchukia. Kisha nikamwogopa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Miezi minane nimelala kando ya mtu huyu, nimemchemshia tangawizi, na koo lake lilikuwa linazuia kitu hiki. Nilitaka kwenda zangu. Lakini nikawaza Bibi na kabati lake.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia. "Na safari hii kifo chenyewe si chako. Inuka."

Aliinuka. Njia nzima nilimshika mkono, sijui kwa kumpenda au kwa kuogopa asitoroke.

Mlangoni alisimama, akavua kofia. Akafungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena, pumzi. Seremala akanitazama kama anayesema huyu umemleta wa nini. Ndani kabati lilikuwa limetulia, na utulivu ule ulinitisha kuliko mburuzo. Nikamfinya mume wangu ubavuni, nikamfinya kwa nguvu zote.

"Hodi!"

Ilitoka nzima, nene, ileile. Seremala mwenyewe alirudi nyuma. Na kule ndani kitu cha bati kikaanguka, kikabiringika, kikanyamaza.

Tukangoja. Halafu sauti ya Bibi ikaja, nyembamba, karibu sana, kama aliyeweka mdomo kwenye ubao.

"Uko na nani?"

Seremala akamsogezea mume wangu kidole kimoja mbele ya uso. Sema uko peke yako. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali. Nilitaka afungue tu, mengine tungeyaona baadaye.

"Tuko watatu," mume wangu akasema. "Mke wangu yuko kushoto kwangu. Seremala yuko nyuma yangu, ameshika mtaimbo."

"Auweke chini."

Seremala akauweka kwenye saruji, na alihakikisha unalia.

"Siku ile mlikuwa wangapi?"

Nikafumba macho.

"Wao walikuwa saba, Bibi. Mimi wa nane."

Muda ukapita. Sijui ni dakika ngapi, ila nzi aliyekuwa kwenye sahani alitembea ukingo wote akaanza upya.

"Nilisikia miguu," Bibi akasema. "Nilisikia miguu mingi. Nikajiambia masikio yangu yamezeeka, mtoto niliyempokea mwenyewe hawezi kunidanganya. Nikafungua." Akapumua. "Tangu siku hiyo sijui niamini masikio au watu."

Mume wangu alikuwa analia bila kujifuta. Hakusema nisamehe. Nashukuru hakusema, neno lile lingekuwa jepesi mno pale. Alisema, "Masikio yako ni mazima, Bibi. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Kabati likaanza kuburuzwa tena, na safari hii lilikuwa linaondoka mlangoni. Ilichukua muda mrefu. Hatukuthubutu kusaidia hata kwa kusukuma mlango. Makomeo manne yakafunguliwa moja moja, na Bibi akatokea, gauni likimning'inia mabegani, midomo imekauka. Mkononi alikuwa na mkasi wake wa ukunga, ule wa kukatia vitovu, ameuelekeza kwetu.

"Maji," akasema.

Nikampa maji. Alikunywa akitutazama juu ya kikombe. Seremala akatumwa dawa, akaenda mbio. Mume wangu alipoinua mguu ili avuke kizingiti, Bibi akainua mkasi.

"Wewe huingii leo. Kesho njoo upige hodi, useme uko na nani. Nitaamua kesho."

Kesho yake akaenda, Bibi hakufungua. Keshokutwa vilevile. Siku ya nne Bibi alifungua makomeo matatu kati ya manne, akaongea naye kupitia ufa wa mlango. Fundi Redio nilimpa habari kwamba mama yake anakula na anameza dawa. Jinsi mlango ulivyofunguliwa siku ile ya ghasia nikamwachia mume wangu amwambie mwenyewe. Bado hajampigia.

Jumatatu Bwana Mita alirudi kazini kweli. Watu walimshangaa kusikia sauti yake mtaani. Wengine walifungua. Mwenye duka alinijia mbio kunipongeza, "Mume wako amepona!" Nikasema asante.

Siku hiyohiyo, saa saba mchana, nilikuwa peke yangu ndani, nimefunga mlango, nachambua nyuzi za kusukia. Nje ikaja sauti ile, nene, nzima.

"Hodi wenyewe!"

Ni mume wangu. Sauti hii nimeisikia miaka kumi na saba mlangoni hapa, na kila mara nilijibu karibu nikiwa bado sijainua macho. Nilisimama. Nilifika kwenye komeo, nikaweka mkono. Mkono haukuvuta. Nikajiambia acha ujinga, ni baba wa watoto wako, na mwili wangu ukakataa kunisikia. Nikainama mpaka shavu likagusa sakafu, nikatazama chini ya mlango, nikahesabu viatu. Viwili. Nikahesabu tena.

Hakupiga hodi ya pili. Nilisikia akivuta pumzi, kisha viatu vikarudi nyuma, hatua tatu, nne, mpaka katikati ya uwanja. Nikaenda dirishani. Alikuwa amesimama juani, amevua kofia, mikono ameiachanisha na mwili. Akageuka polepole mzunguko mzima ili nione na nyuma yake pia. Halafu akakaa chini palepale, akangoja.

Nilichukua muda kufungua.