Tajudini Aliyesema Mbele ya Wanaume

Tajudini alikuwa fundi wa milango ya chuma huko Cibitoke, mwanamume wa miaka arobaini na tisa, mwenye sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili. Mwaka ule sauti ikafifia. Kwa miezi saba nguvu za kiume zilimpotea, na kwa aibu akawa anagombana na mkewe juu ya chumvi ya mboga, juu ya pazia, juu ya chochote, ili walale wamenuniana na asiulizwe kitu.

Mkewe, Nsimire, muuza vitenge, alivumilia hadi akachoka. Ijumaa moja mchana, watoto wakiwa shuleni, alimwekea chakula akaketi mbele yake.

"Baba Ilias, niambie ukweli. Uko na mwanamuke mwengine?"

"Apana, Mama Ilias. Wallahi, hata huyu mumoja niko naye, mwili umekataa."

Akamwaga yote: mizizi aliyochemsha kwa siri, na unga wa dawa wa mchuuzi wa barabarani uliompigisha moyo mbio hadi akaanguka kwa makalio pale karakana. Nsimire alishika kichwa.

"Kumbe ni ugonjwa! Na mi nilishaanza kutafuta jina ya huyo mwanamuke!"

Wakacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumatatu walikwenda kliniki moja ya Kigobe. Daktari alikuwa Pascaline, msichana ambaye angeweza kuwa binti yao. Tajudini alipomwona aligeuka atoke, akamkuta Nsimire amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akarudi akakaa.

"Papa, unasikia kiu sana?" daktari aliuliza.

"Sana. Fanta tatu kwa siku hazitoshi."

"Na usiku unaamuka kukojoa?"

"Mara ine. Lakini docta, mi nimeleta shida ya huku chini, we unaniuliza ya fanta?"

Daktari akatabasamu, akampima. Sukari ilikuwa juu, na presha vilevile.

"Hii si laana, papa, na si uzee. Mishipa ya damu ya huko ni midogo kuliko ya moyo, mara nyingi inaumia ya kwanza. Mwili umekuonya mapema. Wanaume wengi wako na shida hii, wananyamaza tu."

Alimwandikia dawa za sukari na presha. Baada ya kuchunguza moyo wake, akaongeza kidonge cha nguvu za kiume, cha kutumia kwa kipimo, akampiga marufuku unga wa barabarani, na sigara pia.

Haikuwa rahisi. Sigara ilimtesa wiki tatu, na chai isiyo na sukari aliinywa kama anameza misumari. Kila alfajiri, baada ya sala, yeye na Nsimire walipanda kilima kwa miguu hadi mtaa wa Gihosha. Mwanzoni alisimama kila kona kuhema. Mwezi wa tatu wa matibabu, Nsimire ndiye aliyekuwa akimwita amsubiri.

Mwezi wa nne, Jumamosi moja watoto wakiwa kwa shangazi yao, mlango wa chumba ulifungwa adhuhuri ukafunguliwa alasiri. Nsimire alitoka akiimba, akakaanga samaki wote waliokuwamo nyumbani.

Wiki iliyofuata mchuuzi wa unga alipita karakana. Térence, fundi mwenzake, tayari alikuwa ameingiza mkono mfukoni kutoa pesa.

"Acha!" Sauti ile ya zamani ya Tajudini ilitikisa mabati. "Ile kitu ilinishinda mi mwenyewe miezi saba. Huo unga ulitaka kuniua. Ilikuwa sukari. Nimetibiwa, na sasa niko mwanaume kamili. Mwenye shaka aulize mama watoto!"

Mafundi wote waliweka nyundo chini. Mmoja akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Mchuuzi akafunga mfuko wake akaondoka.

Térence alimsogelea, macho chini. "Kaka, hiyo kliniki inafungua saa ngapi?"

Kesho yake asubuhi wanaume watano walipanda kuelekea Kigobe. Tajudini alitangulia, kifua mbele, akisalimia kila mtu njiani.